Gari la fowili lililotelekezwa: anza na chasisi, rangi ije mwisho

Gari la fowili, yaani linalovutwa na magurudumu yote manne, likikaa miaka nje lina tabia ya kudanganya kwa pande zote mbili. Lile lenye matairi yaliyolala na nyasi zilizochomoza katikati ya pedali huenda liko imara kuliko jirani yake aliyepigwa rangi mwezi uliopita. Na lile lenye bodi inayong'aa huenda limebaki kusimama kwa mazoea tu, kwa sababu chuma cha chini kimeshaliwa.

Nimeona miradi mingi ya magari ya zamani ikifa, na michache sana ilikufa kwa kukosa spea. Mingi ilifia kwenye maboksi. Mwenye gari alifungua kila kitu kwa hamasa ya wiki mbili, akajaza banda kwa vipande, halafu akasahau kipi kilitoka wapi. Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja: usifungue kitu ambacho hujui utakirudisha lini. Kwanza hakikisha chasisi inabeba, kisha injini iwake, kisha gari lisimame linapotakiwa kusimama, ndipo litembee. Urembo una zamu yake.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na tochi, sumaku, nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na nguo usizozionea huruma. Lala chini ya gari. Muuzaji akikuambia hakuna haja, ndipo ulale haraka zaidi.

Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, sauti yake kali na fupi. Chuma kilicholiwa kwa ndani kinatoa mlio wa kufa, kama unagonga boga. Pakilia hivyo, sukuma bisibisi. Ikizama umepata jibu. Sehemu za kukazia macho ni chuma cha kukingama cha nyuma kabisa, pale springi zinaposhikiliwa, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na sehemu ya juu ya chasisi pale tangi la mafuta lilipokaa. Tope hukaa huko, na tope likikaa unyevu haukauki.

Sumaku ni ya kutafuta puti. Ikishika upande mmoja wa mlango na kudondoka upande wa pili, kuna mtu aliyeziba tundu akalipaka rangi. Isipokuwa kwa Land Rover za zamani: hapo sumaku haitashika karibu popote kwenye bodi, na hilo si kosa. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, watengenezaji wakatumia mabati ya aluminiamu kwa bodi na chuma kwa chasisi. Ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover yenye mabega manyoofu, yasiyo na doa la kutu, imekalia chasisi iliyotoboka kama chujio. Tena aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu, yenyewe huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Uutafute kwenye maungio ya milango na kingo za sakafu. Pia kagua ule ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini, hasa chini, dereva na abiria wanapoweka miguu. Kuurekebisha ni kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Kwa Land Cruiser za toleo la 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, hadithi hugeuka. Chasisi yake ni nene na mara nyingi huvumilia, ila bodi ni ya chuma na huoza kwenye kingo za chini, sakafu ya nyuma na kuzunguka matao ya magurudumu.

Injini iliyokwama, giaboksi inayolia, waya zilizoliwa na panya: hivyo vyote vina dawa. Chasisi iliyooza sehemu nne au tano muhimu ndiyo inayonifanya nishukuru na kuondoka, labda niwe nimeshapata chasisi nyingine. Kisha soma namba ya chasisi kwa macho yako mwenyewe, isugue kwa brashi ya waya ionekane, uilinganishe na nyaraka. Namba ikitofautiana hata kwa herufi moja, usinunue ukitumaini kuja kurekebisha baadaye.

Kulihamisha

Libebe juu ya lori. Kulivuta kwa kamba gari ambalo breki zake hazijaguswa kwa miaka ni kutafuta ajali, na oili iliyomo kwenye giaboksi, transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu (gia za katikati ya ekseli) huenda ni maji matupu.

Wiki ya kwanza usifungue kitu

Piga picha. Piga nyingine. Kila bomba, kila waya, kila springi ndogo, kutoka pande mbili tofauti. Nunua mifuko midogo na kalamu isiyofutika. Boliti zikitoka ziingie mfukoni na jina la mahali zilipotoka, siyo "boliti za mbele", bali "kishikio cha rejeta, kushoto, juu".

Kila siku pita ukinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati utakazokuja kuzifungua. Siku tano za kunyunyizia zinaokoa siku nzima ya kukata kwa grainda. Utakapoanza, kaza nati kidogo kabla ya kuilegeza. Ule mtikisiko mdogo unavunja kutu. Na hakikisha spana ni yake hasa. Magari ya Kijapani yanatumia vipimo vya milimita, lakini Land Rover za zamani zina nyuzi za inchi, na zile za miaka ya mwisho zinachanganya inchi na milimita katika gari moja. Spana inayokaribia kutosha ndiyo inayolainisha kona za nati.

Kuiamsha injini

Hamu ya kufunga betri na kupiga stata itakushika. Jizuie. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu nyepesi, na stata ina nguvu ya kutosha kuzivunja.

Toa plagi zote. Kama ni dizeli, toa nozeli au plagi za kupashia joto. Mimina oili nyepesi kidogo ndani ya kila silinda, kama vijiko viwili, uache siku mbili tatu. Halafu weka gia huru, chukua spana ya nati ya puli ya mbele na jaribu kuizungusha injini kwa mkono, nyuma na mbele, kidogo kidogo. Ikigoma, ongeza oili na ngoja. Nimewahi kungoja majuma matatu, kisha ikaachia asubuhi moja kama haikuwahi kukwama.

Ikishazunguka, vuta kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji: ama gasketi ya silinda hedi imeungua, ama hedi imepasuka, ama ni unyevu wa miaka mingi tu. Mwaga, badilisha filta, weka oili mpya ya bei ya kawaida, maana hii utaimwaga tena baada ya muda mfupi.

Mafuta yaliyobaki kwenye tangi usiyatumie. Petroli ya zamani hunuka kama vanishi na huacha gundi kwenye kabureta; dizeli iliyokaa na maji huota utando mweusi unaoziba filta. Lisafishe tangi baadaye. Kwa sasa unganisha kidumu kidogo cha mafuta safi kwa mpira. Fungua kabureta uisafishe. Kwenye injini za petroli zenye pointi (vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche), zisugue kwa msasa laini na uziweke na nafasi ya takriban milimita 0.4, kisha hakiki kwenye kitabu cha gari lako.

Sasa funga betri, ila plagi zibaki nje. Piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Maana yake oili imefika kwenye beringi. Hapo ndipo urudishe plagi, ujaze maji kwenye rejeta, uandae kizima moto, uwashe. Dizeli itakulazimu kuitoa upepo kwanza, kuanzia filta, kisha pampu, kisha nati za nozeli, mpaka zitoke mafuta yasiyo na mapovu.

Ikiwaka na taa ya oili isizime ndani ya sekunde chache, zima. Taa ikizima vizuri, iache injini ipate joto ukiangalia moshi. Mweupe unaoisha injini ikipata moto ni mvuke. Usioisha na una harufu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ni gasketi ya hedi. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapa nina ungamo. Nilipoona moshi wa bluu kwenye gari langu la kwanza nilishusha injini siku iyo hiyo na kuifanyia ovahoo. Silinda zilikuwa nzuri. Ringi zilikuwa zimenata tu, na zingeachia zenyewe baada ya safari chache. Tangu hapo napima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Namba kamili hutofautiana kwa injini, lakini silinda moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, ina tatizo. Kwenye injini ya petroli, weka oili kijiko kimoja ndani ya silinda hiyo, upime tena: ikipanda sana, ringi zimechoka, ikibaki pale pale, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Chasisi

Injini ikiwa na uhai, rudi chini. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, siyo mpaka uchoke. Weka alama ya chaki kila palipolia boga.

Kabla ya kukata, gari likae juu ya stendi imara kwenye sakafu iliyo sawa, na upime chasisi kwa mshazari: kutoka tundu la kushoto mbele hadi la kulia nyuma, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana sana, chasisi imepinda, pengine kwa ajali ambayo hukuambiwa. Kata kipande kibovu chote hadi kwenye chuma safi, uweke chuma chenye unene ule ule wa awali. Kiraka juu ya kutu ni utapeli unaojifanyia mwenyewe. Kutu inaendelea chini yake bila kuonekana, na joto la kuchomelea linaiharakisha. Usikate sehemu mbili za kubeba uzito kwa wakati mmoja, maana chasisi itahama wakati hakuna anayeangalia.

Kama hujui kuchomelea, jifunze kwenye bodi, siyo kwenye chasisi. Hii ni kazi ya fundi ambaye ukipinda kipande alichounga, chuma kinakunjwa na kiungo kinabaki. Kabla hajawasha mashine, toa betri, chomoa waya za alteneta, ondoa tangi la mafuta kabisa. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wake ndio unaolipuka. Nisisikie umelichomelea nyumbani.

Mwisho, paka ndani. Nje kila mtu anapaka. Chasisi ya boksi huoza kuanzia ndani, kwa hiyo nyunyizia nta au mafuta mazito kupitia matundu yake, na yale ya kutolea maji yabaki wazi.

Breki: hapa hakuna kubahatisha

Kila kitu cha mpira kwenye mfumo wa breki uliokaa miaka hesabu kuwa kimekufa, hata kama kinaonekana kizuri. Hozi zinavimba kwa ndani na kuifanya breki ishike bila kuachia. Ringi za master silinda na wili silinda zinapasuka siku ya kwanza unapokanyaga kwa nguvu. Badilisha zote. Mabomba ya chuma yenye kutu pia yaondoke.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo maana mabomba huoza kutoka ndani. Mwaga ya zamani yote. Weka ya DOT 3 au DOT 4 kadiri kitabu kinavyosema, na usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haielewani na hizo nyingine.

Vumbi lililo ndani ya ngoma za breki za magari haya linaweza kuwa na asbestosi. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Ukimaliza kufunga bitana mpya, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu zako zote, ushikilie dakika nzima. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja.

Kuna jambo moja limeshaumiza watu. Kwenye Land Rover za zamani na baadhi ya Land Cruiser, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, nyuma ya transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile la juu lizunguke, na gari linaweza kuteremka huku breki imevutwa. Ukifungua propela shafti ya nyuma, nayo ndiyo umeiondoa breki kabisa. Weka vizuizi vya matairi kila mara, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Mfumo wa kuvuta

Fowili ina oili sehemu nyingi kuliko gari dogo: giaboksi, transfa, difu ya mbele, difu ya nyuma, na kwenye magari mengi ile mipira ya chuma kwenye ncha za ekseli ya mbele, magurudumu yanapogeukia. Mwaga moja moja, kila moja kwenye chombo chake, uiangalie kwenye mwanga. Ya maziwa imeingia maji, kwa kawaida kupitia kipumulio cha difu kilichoziba: difu ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, na kwa kukosa pa kuvuta hewa inavuta maji kwenye sili. Kisafishe kipumulio, au ukivute juu kwa mpira mrefu. Kizibo chenye sumaku kikitoka na unga laini wa kijivu, sawa. Kikitoka na vipande vinavyochoma kidole, ifungue hiyo difu.

Usidhani oili yoyote nzito inafaa. Giaboksi nyingi za zamani zina sinkro za shaba (pete zinazolainisha gia kuingia), na baadhi ya oili za daraja la GL-5 zina dawa za salfa zinazoila shaba hiyo. Difu ndizo zinazoitaka GL-5. Fuata kitabu.

Shika propela shafti uitikise na kuizungusha nusu nusu. Krosi, kile kiungo cha ncha ya shafti, ikiwa na pleyi (inacheza) au vumbi jekundu la kutu ibadilishwe. Ukifungua shafti yenye sehemu inayoteleza, weka alama kabla hujaitenganisha, kwani nira za ncha mbili zisipolingana gari litatetemeka na utahangaika kubalansi matairi bure. Inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Pleyi ikiisha ni beringi za habu, ikibaki ni kingipini au boljointi, viungo ambavyo gurudumu hugeukia.

Kujaribu fowili, nenda kwenye udongo au mchanga. Kwa magari ambayo mbele na nyuma hufungwa pamoja bila difu ya kati, kukata kona ukiwa kwenye fowili juu ya lami kunakaza mfumo mzima, na lazima kitu kiachie: tairi, au gia.

Umeme na matairi

Anza na waya za ethi: betri hadi chasisi, chasisi hadi injini. Zisugue hadi chuma king'ae. Nusu ya maajabu ya umeme kwenye magari ya zamani hukoma hapo. Betri iliyojaa ikiwa imetulia husoma volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Tahadhari kwa Land Rover za kabla ya 1967 hivi: nyingi zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, yaani ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi, na ukigeuza betri kwa mazoea utaunguza vitu. Waya zilizotafunwa na panya badilisha kipande kizima, achana na kufunga tepu.

Matairi yana tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka. Yakizidi miaka 10, hata vidole vyake vikiwa virefu, hayafai barabarani. Na rimu za vipande, zile zenye pete ya chuma, usizijaze upepo mwenyewe. Pete ikiruka inaua.

Barabarani, kisha rangi

Safari ya kwanza iwe ya kilomita tano, mwendo wa chini, breki zikijaribiwa kabla ya kila mteremko. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila habu: yenye moto kuliko wenzake ina breki inayoshika au beringi iliyokazwa mno. Kaza nati za magurudumu upya, na tena baada ya kilomita 100. Boliti za U zinazoshika springi nazo huhitaji kukazwa tena, maana springi hukaa vizuri zikishabeba uzito. Ile oili ya injini ya bei ya kawaida imwage kwenye kilomita 500. Itakuwa imeshabeba uchafu wa miaka.

Likitembea mwezi mzima bila kukuaibisha, ndipo ulipeleke kwenye rangi. Aluminiamu inataka praima yake maalumu inayong'ata, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Na kabla ya kufunga kopo, pita na waya mwembamba kwenye matundu ya chini ya milango na ya chasisi, uhakikishe rangi haikuyaziba.